Unyasi wa Kirago cha Yusta

Harufu ya unyasi mbichi ulioanikwa juani ina utamu wa tango lililokatwa sasa hivi, na chini ya utamu huo kuna tope la bondeni, jeusi, la baridi. Nikiwa mtoto nilikula karibu na harufu hiyo, nikalala juu yake, nikaenda nayo shule imeng'ang'ania sare yangu. Bonde letu lilikuwa chini ya nyumba, kwenye vilima vya Kasulu, na kila asubuhi ya kiangazi ukungu ulilijaza mpaka ukingoni. Mama akishuka kukata unyasi alizama miguu, kisha kiuno, kisha mabega, halafu ikabaki sauti yake tu, ikiimba. Nami niliifuata ile sauti. Vyura walinyamaza tukipita, wakaanza tena nyuma yetu, na maji yalikuwa baridi ajabu.

Mgeni angeona bonde zima ni majani tu, basi. Mama hakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Nyasi za kawaida, alisema, zina vifundo. Ukipitisha mkono unavikuta. Ndago na ndugu zake wote wana kona tatu. Ukiviringisha shina kati ya kidole gumba na cha shahada linakwama, linasogea kidogo, linakwama tena. Unyasi wa kirago hauna kifundo wala kona. Unaviringika wenyewe, na ukiupasua kwa ukucha unakuta ndani kitu cheupe, laini kama sufi. Ua lake dogo la kahawia halikai kileleni, linachomoza ubavuni. "Usiuangalie, ushike," aliniambia, akinifunika macho kwa kiganja kilicholowa. Nikikosea alinicheka mpaka bonde zima likasikia: "Hilo katandikie mbuzi!" Mimi nami nilikuwa na mdomo, namjibu kwamba mbuzi wetu ana bahati. Tulicheka sana bondeni kule, kuliko nyumbani.

Kisha, katikati ya miaka ya sabini, ukaja mwaka wa vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani waliambiwa wahamie pamoja, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mistari, upande wa Makere. Tukaezua paa, tukabeba milango, tukaiacha migomba imesimama. Tulikatazwa kurudi tulikotoka, na mgambo walipita njiani kuangalia. Kijiji kipya kilikuwa na vumbi na majirani wengi mno. Baba aliyapenda mambo yale, alipata wa kuzungumza nao. Mama aliacha kuimba.

Mwaka huohuo dada yangu Yusta alikuwa anaolewa kule Titye. Katika ukoo wetu binti haondoki bila kirago, ule mkeka mnene wa unyasi uliofungwa kwa kamba, na unyasi wenyewe sharti uwe wa bonde la kwao. Akifika, wanawake wa upande wa mume wanakitandika mlangoni na kukikalia wote kabla hajaingia ndani. Wanapapasa, wananusa, wanaulizana unyasi ni wa bonde gani. Binti akija bila kirago, au kikakatika chini ya wageni, jambo hilo halisahauliki. Angezeeka kule huku wakisema hana kwao. Yusta alilijua hilo, na tangu tuhame alikuwa hali chakula vizuri.

Chini ya kijiji kipya palikuwa na bonde, nalo lilikuwa na majani ya kijani yenye maua ya kahawia ubavuni. Wanawake waliohamishwa kutoka kila upande waliposhuka mara ya kwanza, kila mmoja alipiga kelele za furaha. Huyu alisema, jamani, huu ni unyasi wa kwetu. Yule naye, wa kwetu kabisa. Mama alisimama majini akiyatazama, machozi yakimtoka, akasema, "Tumefika nao." Akaanza kukata. Mwanamke aliyenifunika macho miaka yote hakuliviringisha shina hata moja. Alitamani mno liwe lenyewe. Nadhani wote walitamani hivyo, ndiyo maana hakuna aliyeshika kwa vidole.

Kirago kilifika nusu. Siku ya kukikunja kwa mara ya kwanza kililia, ka-ka-ka, kikapasuka mstari hadi mstari. Mama akaokota kipande, akakiviringisha taratibu. Kikakwama. Zilikuwepo kona tatu, zimefichika lakini zipo. Yusta alikaa chini pale pale vumbini akalia kwa sauti, na mama hakumnyamazisha. Baba, masikini, akitaka kusaidia, akasema pale dukani Kasulu wanauza mikeka mizuri ya pwani, yenye rangi. "Mkeka wa dukani!" mama alisema. "Wataunusa wasikie nini, mafuta ya taa?" Baba akatoka nje.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Alfajiri moja mama alichukua mundu, jembe na kapu, akaniamsha. Tulitembea ndani ya ukungu, hatuoni hatua ya mbele, na nilihisi kama tunaenda kuwaona watu walioko ndotoni. Jua lilipopanda tukalikuta boma letu. Migomba ilikuwa imezaa, ndizi zimeiva na kuliwa na ndege. Palipokuwa na mlango pameota magugu. Mama hakusimama, alipita moja kwa moja hadi bondeni, akafumba macho, akashika shina la kwanza, likaviringika. Nikamsikia anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Nilifurahi mno nikaanza kuruka majini, nikimwambia tutakuwa tunakuja kila kiangazi, tutakuja kwa siri, mgambo hawatatujua.

Mama aliinama. Alikata mizigo ya kutosha kirago kizima, akafunga. Kisha akachukua jembe, akalizamisha kwenye tope, akang'oa unyasi na mizizi yake, bonge zima linalochuruzika maji, akaliweka kapuni. Akang'oa lingine. Nikaacha kuruka. Nilimuuliza mizizi ni ya nini, ingawa nilishajua.

"Ya kupanda kule," alisema. "Huku haturudi."

Njiani tulikutana na kijana wa mgambo. Alimwamkia mama shikamoo, akatazama tope kwenye miguu yetu, akauliza tumebeba nini. "Majani," mama alisema. "Majani si yapo kila mahali, mama?" Mama akamwambia, "Haya ni ya binti yangu, anaolewa." Kijana alitazama kapu kwa muda, akatazama tulikotoka, akasema, "Fanyeni haraka, basi, mwenzangu yuko nyuma." Kirago kilikamilika mvua za kwanza zikipiga bati la shule. Wanawake wa Titye walikikalia, wakanusa, wakauliza unyasi ni wa bonde gani, na Yusta akalitaja bila kutetemeka.

Mama amekufa siku nyingi. Mpaka mwisho, ukimuuliza kwao, alitaja bonde lile la zamani, ambalo sasa ni bustani za kabichi na nyanya na hakuna anayelala juu ya kirago. Nami nina godoro, nisidanganye, na silitamani tope. Lakini mwaka jana nilirudi kijiji chetu kile kipya, nikashuka bondeni nikaukuta unyasi wa mizizi aliyoipanda mama umejaa ukingo mzima, mrefu kunipita. Nikamuuliza msichana aliyekuwa akichota maji kama anajua umetoka wapi. Akanishangaa. "Bibi, haujatoka popote," alisema. "Ni wa hapa hapa." Kisha akaniuliza, kwa adabu, kwetu ni wapi. Nikalitaja jina la kijiji kile kipya, mara moja, bila kufikiri. Lilishatoka mdomoni ndipo nikamkumbuka mama, nikaona haya, nikasimama pale ukingoni nikilia mbele ya mtoto wa watu.