Kaburi la Kando ya Kanisa

Mimi ni mtu wa Niboye, Kigali, lakini miezi hii nachimbua mabaki ya kale kwenye kanisa dogo lililobomoka, kisiwani katika Ziwa Kivu. Mkuu wetu anatafuta wa kumwachia usimamizi, nami sikuwa na shaka kwamba ni mimi.

Asubuhi moja niliona kando ya ukuta udongo laini, mweusi, wenye umbo la mstatili. Kaburi! Nikalizungushia kamba, nikakataza watu hata kukohoa karibu, nikampigia mkuu Kigali.

"Una hakika?"

"Bosi, makaburi nayajua."

Akaja kwa boti pamoja na padri, ili marehemu aombewe kabla ya kuguswa. Mama Solange, mpishi wetu, alirudi na boti hiyohiyo kutoka sokoni ng'ambo.

Padri akaanza sala. Nilipiga magoti, nikaondoa udongo kwa brashi, taratibu, mpaka yakatokea majani ya migomba.

"Sanda ya kienyeji," nikamnong'oneza mkuu. Nikayafunua. Harufu tamu ikatupiga puani.

"Padri, unamwombea nani?" Mama Solange akapaza sauti nyuma yetu. "Hiyo iko ndizi yangu ya pombe, niliifukia iive!"