Zamu ya Mausi

Enzi zetu kompyuta haikuachwa peke yake chumbani. Iliwekewa mtu. Najua vijana wa leo mtacheka, ninyi mnaolala na simu chini ya mto, lakini wenzangu mliokulia Kilosa miaka ile ya mgawo wa umeme mtanielewa. Nyumbani kwetu, nyuma kidogo ya stesheni ya reli, kulikuwa na zamu ya kuchota maji, zamu ya kuosha vyombo, na zamu ya mausi. Hiyo ya tatu niliichukia kuliko zote, na ndiyo ninayoililia leo.

Mama yetu alikuwa mpiga chapa. Alianza na taipureta iliyosikika mpaka barabarani, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule za msingi. Wafugaji wa Kisukuma walikuja kwa baiskeli kutoka Ulaya, kata ya hukohuko Kilosa, si ile ya Wazungu, wakaziegemeza ukutani, wakaketi barazani na soda huku barua zao za kijiji zikipigwa. Baadaye akapata kompyuta ya mtumba kutoka Morogoro, ile yenye kioo cha chogo kilichojaza meza nzima. Wiki ya kwanza tuliishangilia. Wiki ya pili tukaujua ugonjwa wake.

Ukiiacha dakika kumi bila kuigusa, inalala. Hilo si kosa, ndivyo zilivyoundwa. Kasheshe ilikuwa kuiamsha. Unagonga kitufe, feni inaunguruma, taa ndogo ya kijani inawaka, lakini kioo ni cheusi tii. Ugonge, uombe, uipige makofi ya mgongoni, wapi! Dawa tuliyoijua ilikuwa moja tu, kubonyeza kitufe cha kuzimia mpaka ikate roho, kisha kuiwasha upya. Chochote ambacho Mama hakukisevu kilikuwa kimekwenda na maji. Na Mama yangu, Mungu ampe maisha marefu, alisevu mara moja tu, mwisho wa kazi, kama mtu anayefunga mlango akitoka.

Basi akitaka kwenda jikoni kusonga ugali, au kumsikiliza mteja, alipaza sauti, "Nani ana zamu?" Mimi au kaka yangu Idi tulikimbilia kigoda. Kazi yenyewe ni kusogeza mausi kidogo, kila baada ya muda, mashine isisinzie. "Ikilala mikononi mwako," Mama alituambia, "na wewe leo hulali." Tuliketi pale tukinusa vumbi lililopashwa joto na feni, likichanganyika na harufu ya dagaa wa kukaanga. Idi alijifunza kumkimbiza nzi kwenye kioo kwa kile kimshale. Mimi nilihesabu mabehewa ya treni ya mizigo kwa sauti yake tu. Nje wenzangu wanacheza rede, nasikia mpira wa soksi unavyogonga migongo ya watu, nami nimefungwa na kamba ya mausi kama mbuzi. Miaka miwili tuliilinda mashine ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kama ina tiba.

Bibi yetu, mama yake Mama, aliishi nasi. Aliitwa Kalunde. Alimfuata babu kutoka Tabora akiwa msichana, babu akiwa kibarua wa mkonge kule Kimamba, na hakurudi kwao tena. Mwaka ule alianza kusahau. Alilosema Jumatatu, Jumatano halikumbuki hata ukimsaidia. Mama akaingiwa na hofu, maana majina ya ndugu wote waliobaki Unyamwezi yalikuwa kichwani mwa bikizee huyo na kwingine hayapo. Akaanza kumwandika. Wateja wakipungua alasiri, Bibi aliletwa kwenye kiti chake kando ya meza, akazungumza Kinyamwezi akichanganya na Kiswahili, naye Mama akapiga. Bibi alikuwa hasemi jina tupu. Kila jina lilikuja na mtu wake: huyu alicheka mpaka analia, yule alikuwa mchoyo wa karanga, yule mwingine alitembea akiimba. Mama akiinuka, mimi nashika mausi, na Bibi haachi. Ananigeukia mimi, anaendelea.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Bibi aliamka na akili safi ajabu, akasema mfululizo tangu adhuhuri. Alitaja watu ambao Mama mwenyewe hakuwahi kuwasikia, akakohoa, akanywa togwa, akaendelea. Kwenye saa kumi na moja mgeni akabisha hodi, Mama akatoka, zamu ikawa yangu. Bibi alikuwa amefumba macho, amechoka. Nje wakaniita, timu yao imepungukiwa mtu mmoja. Nikasema nakwenda kidogo tu. Mnaijua ile kidogo ya watoto.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo cheusi. Alikuwa amepeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia na kukirudisha, akakipeleka tena. Alasiri nzima ya Bibi ilikuwa mle ndani, haijaseviwa. Na saa kumi na mbili umeme wa mtaa wetu ulikuwa unakatwa.

"Mpigie fundi," Bibi akasema bila kufumbua macho. Tulidhani amelala. "Na mimi nikifumba macho mnaniona sipo. Nawasikia wote."

Fundi Athumani alikuwa Mikumi, ndiye aliyemtafutia Mama ile mashine. Mama akampigia kwa simu yake ya tochi, akaiweka spika.

"Shikamoo mama," sauti ikasema.

"Marahaba mwanangu. Mashine imelala, haiamki, na umeme unakatika sasa hivi."

"Usiizime! Umeizima?"

"Bado."

"Gonga kile kitufe cha herufi kubwa, cha kushoto. Kuna kataa kadogo kanawaka pale juu?"

Mama akagonga. Kataa kakawaka. Akagonga tena, kakazima.

"Basi mashine iko macho, mama. Imeamka zamani. Kilichokufa ni picha tu. Ulichoandika kipo chote. Lile faili ulishalipa jina?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Haya. Shika Kontroo, usiachie. Gonga S mara moja. Kisha toa mikono, usiguse kitu."

Mama akashika, akagonga. Mashine ikakwaruza ndani kwa ndani, krr, krr, kama panya kwenye gunia, ikanyamaza. Tukakaa tumelitazama giza lile, mimi nalia, Idi amenishika shati kwa nyuma. Muda si mrefu feni ikafa na redio ya jirani ikafa. Umeme ulikuwa umekwenda. Usiku ule nililala, ila sikusinzia.

Umeme uliporudi asubuhi Mama aliwasha. Kila kitu kilikuwepo, mpaka neno la mwisho la Bibi. Mama akafunika uso kwa ncha ya khanga.

Jumamosi hiyo hiyo Fundi Athumani akaja na basi, na sidii mfukoni. Akatueleza kwamba kila kompyuta ina programu ndogo inayoifundisha kuonyesha picha kwenye kioo, inaitwa draiva, na ya kwetu ilikuwa imewekewa ya mashine nyingine. Ikiwa macho inajikongoja nayo, ikitoka usingizini inapotea njia. Akaiondoa, akaweka inayostahili, akailaza kompyuta mbele yetu wote. Akagonga kitufe kimoja. Kioo kikawaka. Akailaza tena, ikaamka tena. Ilimchukua nusu saa, na chai akiwa hajaimaliza. Sisi tumekaa kwenye kigoda miaka miwili!

Nilirukaruka kwa furaha mpaka uani. Zamu ya mausi ilikuwa imekufa. Tangu siku ile, alasiri zangu zote zilikuwa za rede, kombolela, na miwa tuliyoletewa na mtu aliyepita Kidodi, kwenye mashamba ya sukari. Bibi aliendelea kusimulia wiki kadhaa, Mama akipiga, mashine ikilala na kuamka yenyewe bila kuhitaji mtoto. Mvua za masika zilipoanza, Bibi akafariki.

Lile faili ninalo hadi leo. Lina kurasa thelathini na moja. Mpaka ukurasa wa kumi na tisa siwezi kusoma jina bila kumsikia Bibi, kikohozi chake, anavyovuta maneno, anavyogonga paja akifika kwenye kichekesho. Kuanzia wa ishirini sisikii kitu. Ni majina tu, nayaona kama orodha ya wapiga kura. Hapo ndipo mashine ilipopona na mimi nikatoka nje. Nimekuwa mtu mzima, nimezika watu, lakini kama kuna kitu kinachoniuma ni zile kurasa kumi na mbili.

Sasa hivi nina duka la stesheneri Mikumi, kando ya barabara kuu, natoa kopi na kuprinti. Vijana wananiletea laptopu zilizolala zikakataa kuamka, wamekwisha kuzikatia tamaa kabla hata ya kugonga kitufe cha herufi kubwa. Hawana subira, Mungu awasaidie. Naondoa draiva ya zamani, naweka mpya, wanaondoka wakitazama simu, hata kunitakia kazi njema hawakumbuki.

Mama sasa anaishi na mimi. Umri umekwenda, na tangu mwaka jana ameanza kuuliza jambo moja mara mbili. Yeye tu ndiye aliyebaki aliyesikia zile kurasa kumi na mbili zikisemwa. Kwa hiyo alasiri namweka kwenye kiti kando ya meza, namsomea jina mojamoja, naye ananirudishia mtu wake, mimi napiga.

Laptopu yangu ilijiapdeti mwezi uliopita ikapata ugonjwa uleule, ikilala haiamki. Binti yangu, Kalunde, ambaye nilimpa jina la Bibi, nimemweka kwenye mausi kila ninapoinuka kumhudumia mteja. Ana miaka kumi na moja na haoni sababu.

"Mama, si uweke draiva tu? Za watu mbona unatengeneza?"

"Hii imenishinda," nikamwambia. "Sogeza mausi."

Akavuta mdomo, akasogeza. Juzi nilikuwa nje namtolea mteja kopi, dirisha liko wazi, nikamsikia Mama anaendelea kusimulia peke yake, kama Bibi alivyokuwa. Kisha nikasikia sauti ndogo ikimkatisha.

"Bibi, ngoja kwanza. Huyo Nyanzala alikuwa anacheka nini?"