Mkasi wa Kabatini

Wapangaji wa lile ghorofa la zamani la Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ukiwauliza habari za mzabibu wa Ranjanben, walikuwa wanacheka kwanza ndipo wanajibu. Mti wenyewe ulikaa juu ya paa, ndani ya pipa la plastiki lililokatwa nusu. Ulikuwa umetambaa kwenye kamba za kuanikia nguo, umekumbatia nguzo ya dishi, umefika mpaka mlango wa ngazi, na zabibu hata ya dawa hamna. Majani matupu. Bi Saadiya wa ghorofa ya tatu, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, aliupa jina: Mheshimiwa. Alisema unakula vizuri, umetandaza mikono kila upande, na wananchi hawajaona kitu.

Ranjanben hakununa. Mwanamke aliyewauzia mafundi cherehani vifungo na nyuzi miaka yote, bega kwa bega na mumewe Vallabhdas, na akazimudu kelele zao za wiki ya Idi, atababaishwa na jirani mmoja? Isitoshe, mkono wa kupanda alikuwa nao. Mlimao wake ulizaa, mkomamanga ulizaa, hata mpera ulioota kwenye ndoo ya rangi ulizaa, na Saadiya huyo huyo alikuwa wa kwanza kuchuma mapera bila hodi.

Miti hiyo ilikuwa safari zake. Vallabhdas, Mungu amrehemu, alikuwa na kichaa chake kimoja: kila mwaka alifunga duka siku chache, akamchukua mkewe wakaenda kuitazama nchi. Wenzake walimshangaa, mfanyabiashara gani anafunga duka kwenda kutazama milima? Yeye hakujali. Kila walikokwenda alirudi na mche mmoja wa kupanda na kitu kimoja cha kuweka kabatini. Tanga walileta mlimao na kikombe cha bati. Unguja, mkomamanga na kikasha cha mbao. Morogoro, mpera na jiwe la mtoni. Dodoma walileta mzabibu na mkasi, ule mkasi mfupi mzito wa shambani, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya mwisho.

Mzabibu ulipoanza kutambaa, Vallabhdas aliufunga kila chipukizi kwa nyuzi za dukani, hapa uzi mwekundu, pale wa bluu, akiuonyesha pa kupita. Kabla mwaka haujapinduka, moyo ukamsimama akiwa anapimia mteja lastiki. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuvunja hata jani moja. Kila tawi pale limeshikwa na mkono wa mume wangu, ndivyo alivyosema Ranjanben, na ungemjibu nini? Mkasi ukakaa kabatini nyuma ya kioo, unafutwa vumbi kila Ijumaa pamoja na kikombe na jiwe.

Basi mwaka huo, masika yalipokatika, mwenye nyumba akaleta tenki jipya la maji. Kasmir, msimamizi wa jengo, akawaita wapangaji juu ya paa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa asikotaka kwenda.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Kasmir. Sema tu, mwanangu."

"Tenki linataka kukaa hapa penye pipa. Miti mingine tutaisogeza. Huu umeshika kila kitu, hausogezeki. Itabidi ung'olewe." Akajikuna kichwa. "Nimekuombea sana, mama. Mzee mwenye nyumba anasema ungekuwa unazaa angenunua mabomba marefu, tenki likae upande wa pili. Lakini kwa ajili ya majani, amekataa."

Ranjanben akalishika pipa. Miti mingine ilikuwa ukumbusho wa safari. Huu ulikuwa ukumbusho wa Vallabhdas mwenyewe, na ukishang'olewa hakuna Dodoma nyingine ya kwenda naye. Akaomba apewe muda mpaka Diwali, sikukuu yao ya taa, miezi kadhaa mbele. Wapangaji wakatazamana.

"Miaka yote hii haujazaa, shoga," Saadiya akasema, na safari hii hakuwa anatania sana. "Utazaa kwa kuogopa tenki? Ukizaa, mimi na magoti yangu haya nitaupandishia maji kwa ndoo mpaka mwezi wa Ramadhani."

Ranjanben akashika hadithi yake ya Dodoma, ile waliyoisikia mpaka wameikariri. "Mnajua ulikotoka huu? Tulifika shambani mchana, jua la kupasua kichwa. Nategemea nione zabibu zinaning'inia kama kwenye kalenda. Nakuta vijiti. Shamba zima vijiti. Nikamwambia mume wangu..."

"Umenipandisha basi siku nzima nije kuona kuni?" Saadiya akamalizia, na paa zima likacheka.

Hapo ndipo hadithi ilipokuwa ikiishia siku zote. Kicheko kiliimeza iliyobaki, na mwenyewe alishazoea kukomea kwenye kuni. Lakini leo alikuwa anaombea roho, akaendelea. "Mwenye shamba naye akacheka. Akatuambia, juzi hapa palikuwa msitu, tumekata wote, rudini baada ya miezi minne muone zabibu. Akampa mume wangu kipande cha kupanda. Na mkasi. Akasema, mti huu bila mkasi..."

Akaukodolea macho mzabibu. Wapangaji wakangoja. Alikuwa ameisimulia safari ile kwa kila mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwake, na leo ndiyo mara ya kwanza yeye mwenyewe kuisikiliza.

"Kasmir," akasema, "nipe mpaka Diwali." Akashuka ngazi haraka kuliko umri wake.

Alipofungua kabati alikuwa anajichukia. Mume alimwachia mti na dawa yake, yeye akaipanga dawa pembeni ya kikombe cha bati. Alipanda tena juu na mkasi mkononi, akasimama mbele ya tawi la kwanza lenye uzi mwekundu, na mkono ukagoma. Alilia, tena kwa sauti, hakumwonea mtu haya. Kisha akaukata uzi, akautia mfukoni, akalikata tawi.

Saadiya alipokuja kuanua nguo zake alikuta msitu uko chini na kwenye pipa vimebaki vijiti. Akashika kiuno.

"Shoga, hasira gani hizi? Si ungemwachia Kasmir aung'oe?"

"Unaona nini hapo?" Ranjanben akamuuliza.

"Kuni."

"Basi vizuri," Ranjanben akasema, akafuta pua kwa pindo la sari.

Vijiti vilikaa kimya mpaka Kasmir akaanza kumkwepa kwenye ngazi. Halafu vikachomoza. Machipukizi yakaja kwa fujo, na katikati yake vikatokea vishada vya maua madogo ya kijani ambavyo Ranjanben aliviona asubuhi, akavikana, akarudi adhuhuri kuvitazama tena. Vikawa punje. Punje zikanenepa, zikaanza kupiga wekundu. Kunguru wa Kariakoo wakaleta udadisi wao, wakakuta mashada yamevikwa vipande vya chandarua. Ranjanben hakuwa amevifunga yeye. Alipouliza, Saadiya alisema chandarua chake kilichanika, akaona akitupe pale.

Kasmir alimleta mwenye nyumba juu, mzee akazunguka pipa mara mbili, akaagiza mabomba marefu.

Siku ya Diwali jengo zima lilikuwa paani. Hakuna aliyeonja, kwa sababu kwao Ranjanben tunda la kwanza haliingii kinywani kabla halijapelekwa kwa Mungu. Alikata shada zuri kuliko yote, akaliweka kwenye sinia, akaenda nalo hekaluni Kisutu kwa miguu, kifua mbele, akisimama kwa kila fundi cherehani aliyemuuliza amebeba nini. Alirudi jasho linamtoka. Shada la Saadiya alilikata upya mtini, halikupita hekaluni, maana majirani wa siku nyingi wanajua nani anakula nini. Saadiya akapiga bismillah, akatafuna taratibu, watu wote wakimtazama mdomo.

"Tamu," akasema. "Ina ukali kidogo mwishoni. Kama mwenyewe." Kisha akainama, akaichukua ndoo.

Mpaka leo anaipandisha, na kila ngazi anailalamikia kwa jina lake. Wiki iliyopita alipita kwa Ranjanben kupumzisha magoti, akaona kabatini, pembeni ya jiwe la Morogoro, pamewekwa kifundo cha nyuzi zilizopauka, nyekundu na bluu.

"Na mkasi umeupeleka wapi?"

"Uko kazini," Ranjanben akasema, akammiminia chai.