Nabintu, Pua ya Karanga za Kikuubo

Hapana, jino halikuwa na kosa lolote. Walimng'olea mkwe wangu bure, na la pembeni yake wakaling'oa pia. Huyo Nabintu unayemwona pale jikoni ni mke wa mtoto wangu Zéphyrin, na kule Kikuubo, soko la jumla la Kampala, wenye maduka walikuwa wanamgombania kwa sababu ya pua yake.

Kazi yake ni karanga. Gunia likifunguliwa, anaingiza mkono mpaka chini, ananusa kiganja. Yenye ukungu anaikataa kabla haijafika kwenye mashini. Mimi ningenusa mpaka jioni nisisikie kitu.

Lakini lile vumbi la maganda, jamani. Shavu likaanza kumuuma, akiinama uso unataka kupasuka. Mng'oa meno wa mtaani akachukua yake mawili ya juu, maumivu yakabaki palepale.

Aliyetufumbua macho ni Loice, nesi Mkenya wa kliniki ya huku Makindye. Alisema ndani ya mfupa wa shavu kuna kachumba katupu, na mizizi ya meno ya juu imekaribia sakafu yake, ndiyo maana jino linasingiziwa. Hako kachumba kanamwaga ute ndani ya pua kwa katundu kamoja, na katundu kenyewe kako juu, karibu na jicho. Vinyweleo ndiyo vinasukuma ute kwenda juu mpaka pale. Vumbi likivimbisha njia, ute unalala humo, unaoza.

"Lalia upande usiouma, mama," alimwambia, "ili katundu katazame chini, kamwage."

Basi analala hivyo, anavuta mvuke, anapuliza dawa. Maumivu yamepungua. Ila pua ilipokuwa imeziba, gunia bovu lilikuwa limeshampita, likasagwa, wateja wakarudisha. Rukiah, mwenye mashini, akaweka mtu mwingine.

"Pua yako siku hizi ni pambo tu," alimwambia mbele ya watu. Halafu akamhurumia kidogo, akasema arudi Jumatatu amjaribu tena.

"Nitaenda, Papa," Nabintu ananiambia. "Leo naisikia iko wazi kabisa. Akinirudisha, nitafunga kitambaa usoni kila siku, hata wakinicheka."

Sombe yake, majani ya muhogo, inaungua kwenye sufuria. Harufu imefika mpaka kwa majirani. Zéphyrin ananiangalia, mimi naangalia chini. Nabintu anakoroga polepole, anaimba, anauliza kama tuna njaa.

Tunamwambia tuna njaa sana. Tunanawa, anatupakulia, tunakaa wote, tunakula.