Moja Gawanya kwa Saba, na Boti ya Noeli

Juzi binti wa jirani alinisimamisha njiani mtaani kwetu Kadutu, simu mkononi. "Tonton, hii namba haiishake. Sasa iko rationnel namna gani?" Nilikuwa nimefundisha tangu asubuhi, koo limekauka kwa vumbi la chaki. Nikamjibu kwa mkato: ni rationnel ikiwa unaweza kuiandika kama sehemu, namba nzima juu, namba nzima chini, ya chini isiwe sifuri. Kuisha si hoja. Akaondoka hajaridhika. Nilimpenda kwa hilo, maana mimi pia sikuridhika nilipokuwa na umri wake.

Unazikumbuka Desemba zetu, ndugu yangu tuliyesoma pamoja? Mvua ya mchana, matope viatuni, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa nyuma ya shule, mchi wa mama jirani ukitwanga sombe, majani ya muhogo, hata wakati wa hesabu. Bibi yangu, tuliyemwita koko, alivuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi kuja kuuza mananasi, na likizo ikianza alinichukua kwenda kwake. Mwaka ule alikuja siku ya mwisho ya masomo. Boti ya alasiri ilikuwa ya mwisho kabla ya Noeli.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi yake: anayebisha anapewa chaki, na haketi mpaka amalize. Siku hiyo alisema tarakimu za namba rationnel, baada ya virgule, yaani nukta ya desimali, ama zinakatika ama zinajirudia bila mwisho. Nikauliza ni nani aliyewahi kufika huko akaona.

"Huyu naye tena!" darasa likalalamika. "Tunataka kwenda kwetu!"

"Kuya hapa, avocat," akasema mwalimu, akiniita wakili kwa ubishi wangu. "Un divisé par sept. Bengine, mwende."

Nikagawanya. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Kisha moja tena, nne tena. Mwalimu akasema inatosha. Nikakataa, huenda mzunguko unaofuata ungekuwa tofauti. Bibi akatokea dirishani, kikapu kitupu kichwani.

"Mutoto wangu, bateau itatuacha!"

"Maman, huyu anabishana na sept," mwalimu akamwambia. "Umungojee kidogo."

Niliona sababu pale nilipoacha kuangalia majibu nikaangalia mabaki. Ukigawanya kwa saba, baki haliwezi kufika saba. Likiwa sifuri, kazi imekwisha. Lisipokuwa sifuri, litakuwa kati ya moja na sita, basi. Kwa hiyo ukiendelea, lazima ukutane na baki ulilokwisha kuliona, na kuanzia hapo njia ni ileile. Ndivyo ilivyo kwa saba, ndivyo ilivyo kwa namba nzima yoyote utakayoiweka chini. Nikaweka chaki.

"Sasa unaamini?"

"Hapana, mwalimu. Nimeona."

Tuliteremka mbio mpaka bandarini. Boti ilikuwa imeshafika mbali. Bibi akaketi juu ya kikapu chake, akihema.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa tableau wakati yote ile?"

Nikamweleza niliyoyaona ubaoni, tena kwa furaha.

"Inarudia tu?"

"Ndiyo, koko."

"Na mwalimu alikuwa ameshakuambia inarudia?"

"Ndiyo."

"Kumbe tumekosa Noeli juu ya kitu chenye ulikuwa umeshaambiwa!" Akacheka mpaka wachukuzi wakageuka.

Sikukuu ile alikula bugali nasi Kadutu, huku watu wake wa kisiwani wakimngoja. Nikamwambia mwaka ujao tutawahi. Alifariki kabla ya mvua za Septemba.

Mwalimu naye amekwenda, sijui wapi. Sombe siku hizi inasagwa kwa mashine. Bado nauliza kila kitu, ingawa kuuliza kumeanza kunichosha. Naweza kusimama mbele ya darasa lolote nikaonyesha kwa nini mabaki hayana budi kurudi: ni machache. Noeli za bibi pia zilikuwa chache, na hakuna hata moja iliyorudi.