Springi na Kiti Kilicholegea

Baba yangu ni fundi wa makochi, na watu wanamwita Springi. Jina alipewa na mteja mmoja aliyekalia kochi kabla halijamalizwa, akaruka kama aliyekalia nge. Mteja alikwenda zake, jina likabaki. Hata mama akikasirika humwita hivyo hivyo: "Springi, wageni wako hao."

Wageni wenyewe ni wateja waliokuja kuulizia makochi yao. Baba ana jibu moja kwa wote: "Bado kidogo. Njoo kesho kutwa." Jirani yetu, mama muuza mkaa, alimwambia siku moja, "Springi, hiyo kesho kutwa yako imeshaota ndevu."

"Ndevu tutanyoa, mama. Bado kidogo."

Si mvivu. Tatizo lake ni kwamba hawezi kutoa kitu kinachocheza. Akilikalia kochi akasikia mbao inalia ndani, hata kama kitambaa kimeshabanwa, anafumua chote na kuanza upya. Kochi la nyumbani kwetu limepasuka mpaka sponji linachungulia wageni. Kinyozi hajinyoi.

Hana maneno mengi. Akifanya kazi hubana misumari midomoni, na maneno yakitoka hupitia pembeni. Akiwa na jambo gumu la kusema huiweka hiyo misumari hata kama hakuna cha kupigilia.

Kaka yangu ndiye anayesoma. Mimi niliishia darasa la nne, nikabaki na mama nyumbani, kwa hiyo macho ya baba yote yako kwake. Muhula uliopita alianguka darasani. Muuguzi wa zahanati akampima, akampima tena, hakuona ugonjwa. Alipopata nafuu, shule ikamshinda. Akifika getini miguu inatetemeka, anarudi. Mwisho akawa hatoki chumbani, na chakula anakula peke yake.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ana machimbo ya kokoto mbali na kwetu. Alipopata habari alipiga simu. "Mlete huku apasue mawe. Huo ugonjwa wa kujifungia ndani utapona wenyewe."

Mama alikataa. Muuguzi alikuwa amemwambia kuna mshauri pale pale zahanati, anayeongea na vijana wa namna hiyo pamoja na watu wao. Basi baba akapatana na kaka yake hivi: tutajaribu kwa mshauri likizo hii, na shule zikifunguliwa mtoto bado yuko chumbani, baba mkubwa aje kumchukua. Kaka alisikia mapatano hayo kupitia ukutani. Kwetu kuta ni nyembamba.

Mshauri alitaka waende wote wanaokula chungu kimoja, ndiyo maana na mimi nilikwenda. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya vitanda. Kina pazia jepesi, jagi la maji mezani, na viti vilivyookotwa huku na huku, hakuna viwili vinavyofanana. Yeye ni mwanamke mdogo kwa baba kwa miaka mingi. Baba alimwita daktari.

"Mimi si daktari, baba. Kila mtu achague kiti chake. Ila hicho cha pembeni kimelegea."

Kaka akaenda kukaa kwenye hicho cha pembeni. Akaanza kukiyumbisha kwa kisigino, mbele na nyuma, tok, tok.

"Kaa vizuri," baba akasema.

"Mwache tu. Hapa kila mtu anakaa anavyoweza."

Kiti kiliendelea kugonga, na baada ya muda mrefu kaka akasema, akiwa anaangalia sakafu, "Nikiingia darasani moyo unakimbia. Nausikia masikioni. Naona kama nakufa, na wenzangu wanaandika tu."

Mama alishika mdomo. Baba alikuwa anautazama mguu wa kiti.

Safari ya pili kaka alikalia kiti kile kile na kukiyumbisha vile vile, na alisema zaidi. Mshauri alimuuliza moyo unaanza kukimbia wakati gani. Kaka akasema ni akifungua daftari, maana hapo anakumbuka neno la baba. Baba anapenda kumwambia, "Wewe ndiye mbao yangu ya katikati." Mbao ya katikati ndiyo inayobeba kochi. Ikivunjika, waliokalia wote wanakwenda chini.

"Nilikuwa namsifu," baba akasema.

"Najua," kaka akasema. Tok, tok.

Baba alichezesha midomo kama mwenye misumari. Tulipoinuka kuondoka alimgeukia mshauri. "Naomba hiki kiti nikakitazame." Mshauri alimwangalia kidogo, akakubali. Nadhani aliona mtu anatafuta pa kushika. Baba akakibeba begani mpaka karakana.

Makochi ya watu yalisubiri. Alikifungua kiti chote, akakwangua gundi ya zamani, akatia gundi mpya na kabari ya mbao kila kiungo, akakifunga kamba mpaka kikakauka. Halafu akakiwekea sponji na kitambaa cha kijani alichokuwa amekitunza kwa kochi la nyumbani.

"Sisi tunakaa kwenye sponji tupu," mama akamwambia, "kiti cha zahanati kinavaa kama bwana harusi."

"Ni cha mtoto," baba akasema.

Safari ya tatu kiti kilikuwa mahali pake, na baba alikaa akikitazama kama mtu anayesubiri kupongezwa. Mshauri alishukuru. Kaka akakaa, akasukuma kisigino. Kiti hakikwenda popote. Akasukuma tena. Mguu wake ukaanza kutetemeka, akaushika kwa mikono miwili, na mpaka tunatoka hakusema neno hata moja. Wakati huo shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Njiani baba alitangulia, halafu akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na kaka. Mimi na mama tulikuwa nyuma yao.

"Mbona leo umenyamaza? Na kiti nimekutengenezea."

"Kilikuwa kinanisaidia, baba."

"Kipi? Kule kucheza?"

"Ndiyo. Kikicheza, miguu haitetemeki."

Baba alitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo akasema, si kwa mtu yeyote, "Kabari nimeweka nane."

Safari iliyofuata alikuja na mfuko wa vifaa. Kabla hatujakaa alikipindua kiti miguu juu katikati ya chumba, akatoa patasi na nyundo, akaanza kung'oa kabari. Mshauri alisogeza jagi la maji pembeni. Baba sijawahi kumwona akilegeza kitu. Mkono ulikuwa mzito, kama wa mwanafunzi wa ufundi.

"Jaribu," akamwambia kaka.

Kaka akakaa, akasukuma. "Kidogo tena."

Baba akapindua, akagonga. "Sasa?"

"Sasa kimezidi. Kinakwenda upande."

"Upande gani? Wa kushoto? Inuka." Akarudisha kabari moja. "Kaa. Vipi?"

"Huku mbele kidogo, baba."

Waliendelea hivyo muda mrefu, kaa, inuka, kaa, na kwa miezi mingi sikuwa nimewasikia wakizungumza kiasi kile. Mama alikuwa ameshakaa, anatazama kama mtu aliye sokoni. Mwisho kiti kikasema tok, tok.

"Hapo," kaka akasema.

Baba alikuwa bado amepiga magoti. Aliokota misumari miwili kwenye mfuko, akaiweka midomoni. Nikajua kuna neno linakuja.

"Kochi la watu watatu haliwekwi mbao moja ya katikati," akasema kwa pembeni. "Huwekwa mbili. Sikukuambia."

Kaka aliyumba kidogo. "Ya pili nani?"

"Mimi nipo hapa, sijafa."

Mshauri akasema tuanze.

Shule zilipofunguliwa kaka alikwenda siku ya kwanza mpaka getini akarudi. Siku ya pili aliingia, akakaa kiti cha karibu na mlango, kama mshauri alivyokuwa amepatana na mwalimu wake. Siku ya tatu hakwenda. Tukawa bado tunaenda kwenye kile chumba.

Jioni moja baba mkubwa akapiga simu. Baba alikuwa anakaza mikanda ya kochi, akaweka simu sauti ya juu sakafuni.

"Enhe, mtoto vipi? Nije kumchukua?"

"Bado kidogo, kaka."

"Bado kidogo nini? Tulipatana!"

"Ndiyo. Njoo kesho kutwa."

Mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Aliinama juu ya ungo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ndani ya chumba kaka alikuwa akisikiliza kupitia ukutani.

"Kweli kesho kutwa?" baba mkubwa akauliza.

"Kweli kabisa," baba akasema, akaendelea kukaza mkanda.