Matabishi ya Lengalenga

Jumamosi, kwenye soko la Katuba, nilimkuta muuzaji wangu wa lengalenga, mchicha wetu, ameketi na binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu. Mama alikuwa na mteja mwingine, basi nikamuuliza binti anasoma nini.

"Environnement. Tunapimaka udongo."

"Na udongo ya bustani yenu, mulishaipima?"

Alifunga fungu langu, akalifungua, akalifunga tena. "Tuliipima. Iko na sumu, muto njo inaileta toka ku mugodi. Nilimuambia mama. Akaniuliza: sasa tutalima fasi gani?"

Mama akageuka. "Mupe matabishi, iko client yetu!"

Kwetu matabishi hayakosekani: ni ile nyongeza ya bure juu ya ulichonunua. Binti akaokota vishina vichache, mkono ukasimama hewani, kisha akavirudisha kwenye beseni.

"Ku université banakufundisha uchoyo?" mama akafoka. Binti akainamisha kichwa.

Nimepewa matabishi tangu utotoni, lakini hakuna muuzaji aliyewahi kunihurumia hivyo. Jioni nikalipika lile fungu. Wauzaji wote wa soko lile humwagilia bustani zao kwa maji ya mto uleule.